Subaru ya Turbo Inasumbua Baada ya Kufungwa Blowofu: Fuata Hewa Kabla ya Kugusa Springi

Gari iliingia gereji ikiwa nzima, ikatoka na blowofu mpya, yaani valvu inayotoa upepo wa turbo unapoachia mafuta, na sasa inazima kila inapokaribia kusimama. Au inatoa moshi mweusi ukibadilisha gia. Au turbo imekuwa goigoi kuliko ilivyokuwa jana. Kabla hujashika spana na kuanza kukaza springi ya valvu hiyo, jiulize: tatizo linatokea lini hasa? Ni pale injini inaponguruma yenyewe bila kukanyagwa mafuta, ni pale unapokanyaga, au ni pale unapoachia? Kila mojawapo ya nyakati hizo tatu ina chanzo chake, na ukiujua wakati, nusu ya kazi umeshaimaliza.

Humu nazungumzia zaidi Subaru, yaani Impreza WRX na Forester za turbo zenye injini za EJ20 na EJ25. Ndizo gari ambazo vijana wengi wa kwetu wanazifunga valvu hizi, na ndizo zinazoadhibu haraka ukifunga vibaya.

Hewa inahesabiwa mara moja tu

Kwenye gari hizi hewa hupita kwenye chujio, kisha hupimwa na sensa ya hewa, ile mafundi wanayoiita MAF. Baada ya hapo huingia kwenye turbo inayoisukuma kwa nguvu, ikapoozwa kwenye intakula, ikafika kwenye throto (mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta) na kuingia kwenye manifoldi, inayoigawa kwa silinda. Sensa iko mwanzoni kabisa mwa safari. Kiasi ilichokipima ndicho kompyuta inachokitumia kuamua petroli ya kumwaga.

Ukiachia mafuta ghafla, throto inajifunga na upepo uliokuwa unasukumwa na turbo unakosa pa kwenda. Valvu ya kiwandani hufunguka na kuurudisha upepo huo kwenye bomba lililo kati ya sensa na turbo. Umeshahesabiwa, na bado uko ndani ya mfumo. Blowofu ya kumwaga nje huutupa hewani, ukasikika ule mlio. Kompyuta haina habari. Ni sawa na mwenye duka aliyeandika magunia kumi kwenye daftari huku mawili yalishushwa njiani: anapanga mauzo kwa magunia ambayo hayapo. Petroli inamwagwa kwa hewa ambayo haikufika.

Hapo ndipo unapozuka ubishi usioisha vijiweni. Mwenye Toyota Mark II au Chaser ya JZX100 yenye injini ya 1JZ-GTE atakuambia yake inamwaga nje na haina shida yoyote. Anasema kweli. Injini ile haitumii sensa ya kupima hewa mlangoni. Inatumia sensa ya MAP, inayosoma presha ndani ya manifoldi yenyewe, kwa hiyo kinachomwagwa kabla ya throto hakiharibu hesabu. Ushauri wake ni mzuri kwa gari lake, na unaweza kuwa mbaya kwa Subaru yako.

Inazima ukikaribia kusimama

Hii ndiyo dalili inayoleta watu wengi zaidi. Unakuja kwenye taa za barabarani, unakanyaga klachi, mshale wa RPM (mzunguko wa injini kwa dakika) unaporomoka kupita pale unapopaswa kutua, injini inatetemeka kisha inazima. Ukiiwasha inawaka vizuri kama vile hakuna kilichotokea.

Kama umefunga valvu ya kumwaga nje, sababu ya kwanza ni ile niliyoieleza: petroli imezidi hewa kwa muda mfupi, na muda huo umeangukia pale ambapo injini haina mzunguko wa kutosha kujiokoa. Tiba ni kuurudisha upepo ndani. Valvu nyingi za majina makubwa zinauzwa pamoja na kichwa cha kurudishia, au kichwa hicho kinapatikana kando. Watengenezaji HKS wana cha kwao kwa valvu yao ya SSQV. Kifunge, unganisha bomba la kurudishia, na mara nyingi ugonjwa unaisha siku hiyo hiyo. Mlio utapungua sana. Kwa gari la kila siku lenye programu ya kiwandani kwenye kompyuta, mimi nashauri hivyo bila kusita, kwa sababu mlio wa nje hauongezi hata nguvu farasi moja.

Kuna wanaokaza springi ili valvu ichelewe kufunguka na imwage kidogo. Gari litaacha kuzima, lakini umehamishia tatizo kwenye turbo, kama nitakavyoeleza mbele.

Kama tayari umefunga kwa kurudisha na bado inazima, achana na springi. Angalia waya wa sensa ya hewa: plagi yake iliguswa wakati wa kufungua chujio? Halafu angalia bomba la kuingilia turbo.

Mshale wa RPM unapanda na kushuka, unasikia mluzi wa hewa

Gari limesimama, hujakanyaga kitu, injini inanguruma bila utulivu. Safari hii tatizo ni kinyume: kuna hewa inayoingia bila kuhesabiwa. Ukiwa na skana ya kusomea kompyuta ya gari, utaona kompyuta inaongeza petroli zaidi ya asilimia 10 ili kufidia, na huenda ikaandika P0171, msimbo wa petroli kuwa chache kuliko hewa. Ukipandisha mzunguko hadi 2,500, nyongeza inapungua, kwa sababu uvujaji ule ule sasa ni sehemu ndogo ya hewa yote inayoingia. Hiyo ni alama ya kuaminika kuwa hewa inaingilia pembeni.

Inaingilia wapi? Kwanza, tundu la bomba la kurudishia. Kwenye Subaru, valvu ya kiwandani imekaa kwenye intakula iliyo juu ya injini, na bomba lake linashuka hadi kwenye bomba la kuingilia turbo. Ukifunga valvu ya kumwaga nje, bomba hilo linabaki wazi na lazima lizibwe. Nimeona limezibwa kwa kitambaa kilichosokotwa na kukazwa kwa waya wa kufungia. Turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika na inavuta kwa nguvu. Kitambaa kile kikiingia, unanunua turbo nyingine. Tumia kiziba kigumu cha mpira au cha alumini chenye kipenyo sahihi, na klipu ya skrubu.

Pili, valvu yenyewe kubaki wazi. Injini ikinguruma bila mafuta, manifoldi inavuta, na mvuto huo unainua pistoni ya valvu. Springi ikiwa laini, valvu inabaki imefunguka kidogo. Ikiwa imefungwa kwa kurudisha, hakuna madhara, maana hewa inazunguka ndani kwa ndani. Ikiwa inamwaga nje, mlango umekuwa wazi kuelekea injini, na hewa inayopita hapo haijapimwa wala haijachujwa. Wanaoendesha barabara za vumbi wazingatie hili kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu vumbi hilo linakwenda moja kwa moja kwenye silinda.

Kupima ni rahisi. Injini ikiwa inanguruma, weka kipande chembamba cha karatasi karibu na mdomo wa valvu. Kikivutwa, valvu iko wazi. Kaza springi robo mzunguko, rudia, na uishie pale tu inapofunga. Usiongeze zaidi ya hapo. Kwenye valvu zinazobaki zimefunga bila kukanyaga mafuta kwa umbo lake, SSQV halisi ikiwa mojawapo, karatasi haipaswi kuvutwa kabisa. Ikivutwa, kuna oringi (pete ya mpira ya kuzuia uvujaji) au kiti cha valvu kilichoharibika.

Nairobi ilikuwa sawa, Mombasa inahangaika

Jambo hili linawachanganya hata mafundi wazuri, nalo linatuhusu sisi tunaopanda na kushuka nyanda za juu.

Kinachoinua pistoni ya valvu ni tofauti kati ya presha ya hewa kwenye bomba la upepo na presha iliyo ndani ya manifoldi. Injini ikinguruma yenyewe, presha ya ndani ya manifoldi haibadiliki sana popote ulipo. Presha ya nje ndiyo inayobadilika. Pwani ni kilopaskali 101 hivi. Nairobi, kwenye mwinuko wa mita 1,700 na zaidi, ni kama 82. Kwa hiyo gari lile lile linaloonyesha mvuto wa inchi 19 au 20 za zebaki kwenye geji likiwa Mombasa au Dar es Salaam, linaweza kuonyesha 14 hivi likiwa Nairobi, na injini ni nzima kote kuwili.

Sasa fikiria fundi aliyerekebisha springi Nairobi, akaishia pale tu valvu ilipofunga. Amefanya sawasawa. Gari likishuka hadi pwani, mvuto unaongezeka, springi ile inashindwa, valvu inafunguka kidogo, na mzunguko unaanza kuyumba. Mwenye gari ataambiwa petroli ya njiani ilikuwa mbaya, atabadilishiwa plagi, atasafishiwa injekta. Kumbe ni springi inayohitaji kukazwa nusu mzunguko.

Kinyume chake kipo pia. Valvu iliyokazwa Dar ikipelekwa Mbeya au Arusha itakuwa nzito kufunguka ukiachia mafuta, maana mvuto wa kuisaidia umepungua. Utaanza kusikia turbo inapigapiga ambayo pwani haikusikika. Ukisafiri mara kwa mara kati ya kanda hizi, rekebisha ukiwa pwani ili isivute vumbi, kisha isikilize ukiwa juu. Isipokubali kote kuwili, basi valvu hiyo ifungwe kwa kurudisha, na suala la kubaki wazi litakoma kuwa na uzito.

Haivuti, upepo haujai

Unakanyaga mafuta, geji inapanda taratibu au inaishia chini ya kawaida, na pengine nyuma kuna moshi mweusi. Upepo unavuja. Kwa kuwa ulishahesabiwa, kompyuta inamwaga petroli ya kiasi kikubwa kuliko hewa iliyofika, ndiyo maana moshi unaandamana na ulegevu.

Watu wanadhani springi ndiyo inayoshikilia upepo, wakiamini kwamba ukitaka bar moja lazima springi iwe na nguvu ya bar moja. Sivyo. Ule mpira mwembamba unaotoka kwenye manifoldi kwenda juu ya valvu hupeleka presha ile ile ya upepo juu ya pistoni. Chini kuna upepo unaosukuma kufungua, juu kuna upepo unaosukuma kufunga, na springi inaongezea kidogo tu upande wa juu. Kwa hiyo valvu ikivuja ukikanyaga, mshukiwa wa kwanza ni mpira mwembamba.

Uvue, uukunje kwa vidole mwanzo hadi mwisho, utafute nyufa. Angalia umechomekwa wapi. Unapaswa kutoka kwenye manifoldi baada ya throto, uwe mfupi, wenye kipenyo cha ndani cha milimita 4 hadi 6, na usigawane njia na geji ya turbo wala kitu kingine chochote. Nimekuta umeungwa kwa kiungo cha njia tatu pamoja na geji na mrija wa regyuleta ya presha ya petroli; valvu ilikuwa inapata habari kwa kuchelewa, na injini nayo inapata presha ya petroli isiyo sahihi. Umeuchomeka kabla ya throto? Basi valvu haitafunguka kamwe, kwa kuwa haitapata mvuto.

Ukishamalizana na mpira, vua valvu. Nyonya kwenye tundu la juu, kisha ziba kwa ulimi. Mvuto ukishika, dayaframu (utando wa mpira ndani ya valvu) au oringi za pistoni ni nzima. Ukiachia wenyewe, umepata kosa. Angalia pia gasketi kati ya valvu na intakula, hasa kama boliti moja ilikazwa mpaka mwisho kabla ya nyingine: uso wa valvu unakaa upande na upepo unapita.

Bado hujapata? Pima kwa upepo. Ziba mdomo wa bomba la kuingilia turbo kwa kifuniko chenye tundu la kujazia, jaza kwa pampu au kompresa kidogo kidogo hadi bar 0.7, usizidishe, kisha pulizia maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Fungua throto kidogo wakati wa kupima ili presha ifike na juu ya valvu pia. Usipofanya hivyo valvu nzima itafunguka na utaituhumu bure. Kupiga kelele kidogo kwa hewa inayopotelea ndani ya injini ni kawaida. Povu kubwa kwenye kiungo si kawaida.

Kwenye Subaru mapovu mara nyingi hayatokei kwenye valvu. Yanatokea kwenye mipira miwili ya intakula, ule unaopokea kutoka turbo na ule unaoingia kwenye throto, kwa sababu intakula ilinyanyuliwa ili valvu ifungwe na haikurudi ilivyokuwa. Yanatokea pia kwenye bomba la kuingilia turbo lililojificha chini ya manifoldi. Kwenye gari la miaka 15 au 20 bomba hilo limekauka au limelainishwa na mafuta ya injini, na kuvutwavutwa wakati wa kuchomoa bomba la kurudishia kunatosha kulipasua. Blowofu inalaumiwa kwa ufa ambao ulikuwa unasubiri tu kuguswa.

Turbo inapigapiga ukiachia mafuta

Ule mlio wa tu-tu-tu unaowafurahisha wengi ni upepo unaorudi nyuma kupitia mapanga ya turbo, kwa sababu valvu haikufunguka au imechelewa. Kila pigo ni mapanga kukabwa ghafla, na beringi inayozuia shafti kusogea mbele na nyuma ndiyo inayobeba mshtuko. Ukisikia kidogo ukiachia mafuta mwendo ni mdogo na upepo ni haba, usihangaike. Hata gari za kiwandani hufanya hivyo. Ukisikia baada ya kukanyaga sana, ukiwa na upepo kamili, shughulikia leo.

Legeza springi. Ikiwa haisaidii, vua valvu na usukume pistoni kwa kidole: inapaswa kuteleza na kurudi yenyewe bila kukwama. Mafuta ya injini yakichanganyika na vumbi huwa kama gundi ndani ya silinda ya valvu. Safisha, kausha, paka grisi nyepesi kidogo sana, rudisha. Nakala za bandia za valvu maarufu, zenye boksi zuri na bei ya kushangaza, ndizo zinazokwama haraka; ndani utakuta michubuko kwenye pistoni na oringi inayolegea mkononi. Valvu ya namna hiyo usiitengeneze. Rudisha ile ya kiwandani, ambayo kwa upepo wa kiwandani inafanya kazi yake vizuri kabisa. Ndiyo maana nasisitiza fundi akukabidhi valvu uliyovuliwa.

Ekzosti inapiga risasi, gari inanuka petroli

Ikitokea kati ya gia na gia, ni petroli iliyozidi ikiwakia njiani. Mara moja moja haina madhara makubwa. Ikiwa ni kila gia, kila siku, plagi zitajaa masizi, kompyuta itaandika P0172, msimbo wa petroli kuzidi, na katalisti, kisafisha moshi kilicho kwenye ekzosti, itapata joto kupita kiasi mpaka iyeyuke ndani na kuziba. Vua plagi moja uione: masizi makavu meusi yanathibitisha. Tiba ni ile ile, kurudisha upepo ndani, au kumpa mtaalamu kompyuta aipange upya kwa sensa ya presha, kazi ambayo haina maana kwa gari ambalo halijabadilishwa kitu kingine.

Hakuna mlio kabisa

Hii si hitilafu kila mara. Valvu iliyofungwa kwa kurudisha husikika kwa mbali tu. Gari la gia otomatiki, kama Forester nyingi zilizoko huku, halifungi throto wakati wa kubadilisha gia, kwa hiyo valvu haipati sababu ya kufunguka mpaka wewe mwenyewe uachie mafuta. Na kwa wenye Prado na Hilux za dizeli wanaouliza: dizeli haiendeshwi kwa throto inayofunga hewa unapoachia mafuta kama ilivyo petroli, hivyo hakuna upepo unaokwama wala mvuto wa kuifungua valvu. Vile vifaa vya umeme vinavyouzwa kwa ajili yake vinamwaga tu upepo ambao injini ilikuwa inauhitaji.

Baada ya kurekebisha

Chomoa terminali ya betri kwa muda ili kompyuta ifute marekebisho iliyojifunza wakati hewa ilikuwa inapotea, kisha acha injini ingurume yenyewe hadi ipate joto kabla ya kuondoka. Siku za kwanza mzunguko unaweza kuyumba kidogo inapojifunza upya. Kama gari limekimbia wiki kadhaa na petroli nyingi, badilisha oili hata kama kilomita hazijafika: petroli iliyopita kando ya pistoni za injini imeshaipunguza uzito, na oili hiyo hiyo ndiyo inayolainisha beringi za turbo. Chomoa kijiti cha kupimia oili unuse. Ukisikia petroli, usisubiri.